Mwongozo kamili wa kukusanya meli kubwa za anga za LEGO: anza na rafu, boksi baadaye

Watu wengi wakitaka kuingia kwenye hizi meli kubwa za anga za LEGO, zile za matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha, nyingi zikiwa za filamu za Star Wars, swali lao la kwanza huwa ni "ninunue ipi?" na mimi jibu langu siku zote ni kwamba hilo ni swali la tatu au la nne huko, la kwanza ni itakaa wapi. Chukua futi kamba, nenda kwenye hiyo sehemu unayoiwazia, pima urefu, pima kina, pima kimo mpaka rafu ya juu yake, andika kwenye simu. Meli yangu ya kwanza kubwa niliijenga wiki tatu nzima nikaipenda mno, alafu nikakuta haiingii popote, ikakaa sakafuni kwenye kona, kila mtu akifungua mlango unaigusa, na vipande vya mbele vikawa vinachomoka kila baada ya siku mbili tatu. Iliniuma kweli. Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga kinyume na ulivyozoea kuona.

HATUA YA KWANZA: MAHALI

Tuweke namba mezani ili uelewe tunaongelea nini. Imperial Star Destroyer ya 2019, seti namba 75252, ina urefu wa sentimita 110 na upana wa sentimita 66, na ikiwa juu ya stendi yake inafika kimo cha sentimita 44. Venator ya 2023, namba 75367, ni sentimita 109 kwa urefu. Millennium Falcon ya 2017, namba 75192, hii ambayo kila mtu anaiota, ni kama sentimita 84 kwa urefu na upana unakaribia 60. Sasa rafu ya kawaida ya vitabu ina kina cha sentimita 30 hivi, maana yake Falcon ukiiweka pale nusu yake inaning'inia hewani. Haifai, wala usijaribu "kwa muda tu".

Kwenye vipimo vya meli ongeza sentimita 10 kila upande, hiyo ni nafasi ya mikono yako. Juu ongeza zaidi, kama 20 hivi, kwa sababu utahitaji kufungua paneli za juu, kufuta vumbi na kuinyanyua bila kugonga ubao wa juu yake.

Uzito nao. Falcon peke yake ni nzito kweli, na mbao nyingi za rafu za bei ya chini zinabeba vizuri wiki ya kwanza alafu taratibu zinaanza kujipinda katikati. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: vuta uzi ukutani nyuma ya rafu usawa kabisa na ubao kutoka ncha moja mpaka nyingine, ufunge vizuri, weka katikati ya ubao dumu la maji la lita 12 lililofungwa kifuniko (lita moja ya maji ni kilo moja kwahiyo hesabu ni rahisi), acha siku tatu, alafu rudi uangalie ubao umeshuka kiasi gani kutoka kwenye uzi. Ukiona umeshuka milimita kadhaa ongeza mguu wa katikati au badilisha ubao, maana dumu lilikaa siku tatu ila meli itakaa miaka.

Bado mwanga. Siku moja ambayo upo nyumbani fuatilia jua, asubuhi linaingia wapi, mchana wapi, jioni wapi. Sehemu yoyote inayopigwa na jua la moja kwa moja hata nusu saa kwa siku iondoe kwenye orodha, hata kama ndio sehemu nzuri kuliko zote sebuleni. Nitaeleza mbele kwa nini.

Na mlango, hili watu wanalisahau sana. Kama utajenga chumba kimoja na kuonyesha chumba kingine, pima milango ya katikati. Meli ya upana wa 60 pamoja na mikono miwili iliyoishika inahitaji mlango mpana kuliko unavyodhani, na hizi meli huwezi kuzilaza ubavu ukapita nazo kama godoro.

HATUA YA PILI: KUCHAGUA MELI

Sasa ndio tunafika kwenye swali lako. Historia kidogo inasaidia hapa. LEGO walianza kutoa seti za Star Wars mwaka 1999, na mwaka uliofuata, 2000, wakaanzisha ule mfululizo wa wakusanyaji unaoitwa Ultimate Collector Series, wengi tunauita UCS. Za kwanza zilikuwa TIE Interceptor namba 7181 yenye vipande 703, na X-wing namba 7191 yenye vipande 1,300 na kidogo. Wakati ule hizo zilikuwa kubwa mno. 2002 ikaja Star Destroyer namba 10030 ikiwa na vipande zaidi ya 3,000, 2007 Falcon ya kwanza ya UCS namba 10179 yenye zaidi ya 5,000, 2017 Falcon ya sasa yenye 7,541, na 2025 Death Star namba 75419 ikafika vipande 9,023. Unaona mwendo wenyewe.

Lakini idadi ya vipande isikudanganye kuhusu ukubwa. Super Star Destroyer ya 2011, namba 10221, ina vipande 3,152 tu na bado urefu wake unafika kama sentimita 124, ni ndefu kuliko Star Destroyer ya 2019 yenye vipande 4,784. Falcon ina vipande vingi kwa sababu mgongo wake wote umejaa vikorokoro, mabomba, vishikizo, vigurudumu, vipande vidogo vidogo vya kila aina vilivyopangwa mpaka vinaonekana kama mashine halisi. Star Destroyer ni bapa kubwa na mifupa ndani. Kwahiyo ukiwa unapenda kukaa na vidogo vidogo jioni baada ya jioni, Falcon itakupa raha, ukiwa unapenda umbo kubwa linalojaza chumba, chukua zile za pembetatu kama Star Destroyer.

Kingine, hizi seti hazina skeli moja, yaani hazijapunguzwa kwa uwiano mmoja. X-wing ya 2023, namba 75355, ukiiweka karibu na Star Destroyer ya 2019, urefu wake ni kama nusu ya hiyo, wakati kwenye hadithi yenyewe moja ni ndege ya mtu mmoja na nyingine ni mji mzima unaoruka. Kuna watu hili linawakera kabisa na wanaishia kuuza. Kama na wewe uko hivyo, kusanya kwa kundi: za ndege ndogo rafu moja, za meli kubwa rafu nyingine, usizichanganye, macho yatapumzika.

Na sio lazima iwe Star Wars. Mwaka 2025 LEGO walitoa meli yao ya kwanza kabisa ya Star Trek, hadithi nyingine ya anga ya kwenye TV na filamu, USS Enterprise-D namba 10356, vipande 3,600, na umbo lake ni tofauti kabisa, lile sahani kubwa mbele na shingo nyembamba, linapendeza sana likiwa peke yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza, na hapa sibadiliki: usianze na kubwa kuliko zote. Anza na ya vipande 1,900 hivi, X-wing 75355 ina 1,949, TIE Interceptor ya 2024 namba 75382 ina 1,931. Hizo zinakufundisha kila kitu, mifupa ya Technic ndani (nondo zenye matundu na pini), stika, stendi, kubeba, vumbi, na zinaenea kwenye rafu ya kueleweka. Ukikaa nayo miezi sita na bado unasimama kuiangalia kila ukipita, basi nenda kwenye ile ya ndoto zako.

HATUA YA TATU: KUNUNUA

Seti nyingi za aina hii zinakaa sokoni miaka miwili mitatu alafu zinastaafishwa, hazitengenezwi tena. Falcon 75192 ni ya kipekee kwa sababu imekaa miaka na miaka. Kwahiyo kuna presha ya "nunua sasa itaisha", na presha hiyo ni ya kweli kwa kiasi, ila isikufanye ununue meli usiyoipenda.

Na tafadhali usinunue kwa hesabu ya kuja kuuza ghali peke yake. Angalia Falcon ya 2007: ikiwa imestaafu bei yake kwa wauzaji wa mkononi ilipanda ikapanda, alafu 2017 ikatoka mpya kubwa zaidi, nzuri zaidi, na bei ya ile ya zamani ikashuka. Death Star ya 2008 nayo, namba 10188, ilifuatiwa mwaka 2016 na 75159 ambayo ni karibu ileile. Aliyekuwa ameficha boksi kabatini akisubiri utajiri alipata shida, aliyeijenga na kuiangalia kila siku hakupoteza kitu.

Ukinunua mpya kwenye boksi mambo ni rahisi. Ukinunua iliyotumika, hapo ndio kazi. Mwombe muuzaji picha za meli upande wa juu, chini, na nyuma, zilizopigwa kwenye mwanga wa kawaida wa mchana, sio taa ya manjano, maana taa ya manjano inaficha plastiki iliyogeuka manjano kwa jua. Uliza kama ilikaa nyumba ya mvuta sigara, harufu ile inaingia kwenye plastiki na maboksi. Uliza kama stika zilibandikwa, uliza vijitu vyake, yaani wale wahusika wadogo wa plastiki, maana vile vijitu vidogo ndio vinaibiwa au kuuzwa pembeni kwanza. Uliza kama kitabu cha maelekezo kipo, ingawa kikikosekana sio mwisho wa dunia, LEGO wanaweka maelekezo ya PDF bure kwenye tovuti yao.

Kwa seti za zamani kuna mtego mmoja unaitwa rangi ya kijivu. Kwenye mwaka 2004 hivi LEGO walibadilisha kijivu chao, kile cha zamani kilikuwa na ujoto kidogo kama kinaelekea kwenye kahawia, cha sasa kinaelekea kwenye bluu. Meli za anga karibu zote ni za kijivu! Star Destroyer 10030 ya 2002 ilikuwa ya kijivu cha zamani, kwahiyo ikipungua vipande ukaenda kununua vya kijivu cha sasa, ukivibandika kwa nje vinaonekana kama viraka vya suruali. Ndani ya mifupa haina shida, weka rangi yoyote, nje tafuta kijivu kilekile.

Alafu kuna njia ya tatu, kununua vipande kimoja kimoja na kujenga mwenyewe. Soko kubwa la hilo ni BrickLink, lilianza mwaka 2000 na LEGO wenyewe wakalinunua 2019. Unapakia orodha ya vipande vya seti, linakutafutia wauzaji. Inachukua muda na vifurushi vinakuja kutoka kila kona, ila kwa meli iliyostaafu zamani inaweza kukuokoa hela nyingi, hasa ukikubali vipande vya ndani viwe vya rangi yoyote vinavyopatikana.

Feki nazo zipo, nyingi. Mwaka 2019 polisi wa Shanghai walivamia kiwanda cha Lepin, waliokuwa wananakili seti hizi hizi ikiwemo Falcon, lakini nakala hazijaisha sokoni. Kipimo cha haraka ni vile vinundu vya juu ya tofali: kwenye tofali halisi kila kinundu, kila kimoja, kimeandikwa LEGO kwa maandishi madogo yaliyoinuka. Muombe muuzaji picha ya karibu sana ya vinundu. Akikataa au picha ikija na ukungu, acha. Sababu yangu ya kukataa feki sio majivuno, ni kwamba meli nzito hivi inategemea kila kipande kibane sawasawa, na vipande ambavyo vingine vinabana sana vingine vinalegea vitakuangusha sehemu ambayo huwezi kuifikia tena.

HATUA YA NNE: KABLA YA KUJENGA

Ikiwa ni mpya, toa mifuko yote, ipange kwa namba sakafuni, hakikisha hakuna namba iliyorukwa, na stika ziko bapa hazijakunjika. Stika zilaze ndani ya kitabu mara moja. Usifungue mifuko yote kwa pamoja hata kama mikono inakuwasha, fungua namba moja, jenga, maliza, ndio unafungua nyingine. Mfuko ukikosa kipande LEGO wana huduma ya kutuma vipande vilivyopungua kwenye seti mpya, ila kabla hujawaandikia angalia vizuri ndani ya kona za mfuko na ndani ya kile kipande kikubwa kilichokuwa nacho, mara tisa kati ya kumi kipo pale.

Ikiwa ni iliyotumika, osha kwanza. Maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni kidogo ya vyombo, ndani ya mfuko wa wavu, tikisa taratibu, suuza, tandaza juu ya taulo kivulini mpaka zikauke kabisa, vinundu vikiangalia juu ili maji yatoke. Vipande vyenye stika na vyenye umeme usivioshe, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Meza yako iwe na ukubwa wa mara mbili ya meli. Mwanga mweupe, kwa sababu nyeusi, kijivu kilichokolea na kahawia usiku chini ya taa ya manjano ni kitu kimoja. Bakuli au trei tano sita za rangi nyeupe. Mimi natenga hivi: pini zote trei moja, ekseli (vile vijiti vya Technic) trei moja, plati nyembamba (bapa zenye vinundu) trei moja, taili laini (bapa zisizo na vinundu) trei moja, vikorokoro trei moja. Sihitaji zaidi ya hapo.

HATUA YA TANO: KUJENGA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu meli inaharibikia siku ya kwanza na wewe unakuja kuona siku ya ishirini.

Mifupa ya hizi meli ni Technic, zile nondo zenye matundu zinazounganishwa kwa pini. Pini nyeusi zina msuguano, zinabana. Pini za kijivu hazina, zinazunguka huru. Kwa macho ya haraka zinafanana sana kwenye picha, ukichanganya meli itajengeka vizuri kabisa mpaka siku unapoinyanyua, na upande mmoja unaanza kucheza kama jino la mtoto. Kila pini isukume mpaka usikie ule mlio wa "tak", alafu pitisha kidole juu ya nondo, kidole kisikwame popote. Pini iliyobaki nje nusu milimita tu inasukuma nondo inayofuata, nayo inasukuma inayofuata, na ukifika pembeni ya meli paneli haikai.

Ekseli ndefu ziweke juu ya kitabu. Kurasa nyingi zimechorwa mstari wa urefu halisi wa hicho kipande, ilaze pale, kama inalingana ndio yenyewe. Usikisie kati ya ekseli ya urefu wa vinundu 7 na ya 8.

Kila ukimaliza mfuko mmoja wa mifupa, shika fremu pembe mbili zinazotazamana, izungushe taratibu kama unakamua nguo, lakini kwa nguvu ndogo sana. Inatakiwa iwe kitu kimoja. Ukisikia mahali panalia au panajongea, rudi hapo hapo, tafuta pini. Kurudi nyuma kurasa kumi sasa ni dakika ishirini, kurudi ukiwa umeshaweka paneli ni jioni nzima, na mara nyingine ni jioni tatu.

Ukikosea usitumie kisu wala meno, kile kifaa cha rangi ya machungwa cha kutenganisha kimo kwenye boksi kwa sababu hiyo. Plati mbili zilizong'ang'aniana unatumia viwili, kimoja juu kimoja chini, unavibana kama koleo.

Stika: nawa mikono na sabuni, kausha. Weka tone la maji yenye sabuni kidogo juu ya kipande, chukua stika kwa ncha ya kile kifaa cha machungwa na sio kwa kidole, ilaze, na maji yanakupa sekunde kadhaa za kuisogeza mpaka ikae sawa na kingo. Alafu kamua maji kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa laini, acha ikauke masaa kadhaa kabla hujaiweka kwenye meli. Kwa ile plati kubwa ya maelezo ya meli, kama yako ni ya stika, fanya hivyo hivyo mchana ukiwa umetulia, na usiifanye saa sita usiku.

Na usikimbie. Falcon ilinichukua kama masaa 30, nilifanya saa moja na nusu kila jioni, na zile jioni ndizo ninazozikumbuka kuliko hata siku niliyoimaliza.

HATUA YA SITA: KUBEBA NA KUSIMAMISHA

Kamwe usinyanyue meli kwa kitu kinachoonekana kama kishikio. Zile pembe mbili za mbele za Falcon, zile ncha za Star Destroyer, injini za nyuma, zote ni urembo uliobandikwa. Paneli za juu za Falcon zimekaa tu, zingine unaziinua kwa kidole kimoja. Tafuta mifupa: ingiza mikono yote chini, vidole vitandazwe, tafuta nondo za Technic, nyanyua kwa usawa. Kwa meli za zaidi ya mita moja ita mtu, mmoja mbele mmoja nyuma, na mkubaliane kabla mnakwenda wapi na nani anahesabu moja mbili tatu. Star Destroyer 10030 ya zamani ndio ina adabu yake zaidi, paneli zake kubwa zimeshikwa kwa sumaku, ukiitikisa zinaachia.

Falcon 75192 ina miguu yake ya kutua kwahiyo inakaa mezani yenyewe. Kama nafasi ni ndogo kuna stendi za akriliki zinazouzwa tofauti zinazoisimamisha kwa mshazari, inaonekana kama inapiga kona, na kile kina cha sentimita 60 kinapungua sana. Mimi naipenda hivyo kuliko ikiwa imelala. Ila kabla hujaisimamisha pitia kila paneli, kila kijitu, kila antena, chochote kilichokaa kwa uzito wake tu kitashuka. Na stendi yenyewe iwe nyuma kabisa ya rafu, karibu na ukuta.

HATUA YA SABA: VUMBI, JUA NA MANJANO

Vumbi kwenye meli hizi ni kazi ya maisha, kwa kuwa vile vikorokoro vinavyoipendezesha ndivyo vinavyokamata vumbi. Kabati la vioo au boksi la akriliki linapunguza karibu yote. Ukishindwa, basi ratiba: kila wiki mbili brashi kubwa laini ya mekapu, mpya, isiyowahi kugusa poda, unaanza juu kwenda chini na mbele kwenda nyuma, mkono wa pili umeweka kidole nyuma ya antena unayoipitia ili isichomoke. Kwenye mianya tumia ile pampu ya mpira ya kusafishia lenzi za kamera. Ukiacha miezi sita vumbi linachanganyika na mafuta ya hewani, linanata, na hapo brashi inalipaka tu halitoki, itabidi ufungue na uoshe.

Jua sasa. Plastiki ya haya matofali ni ABS, na miale ya jua inaibadilisha taratibu, nyeupe inakuwa ya manjano, kijivu kinakuwa na rangi ya chai, na haiwi sawa, upande wa dirishani unabadilika upande wa ukutani haubadiliki. Nilikuwa na ndege moja nyeupe karibu na dirisha kwa mwaka mmoja na nusu tu. Nilipoigeuza ilikuwa na mstari kabisa, kama mtu aliyevaa saa juani. Watu wanazirudisha kwa kuloweka kwenye haidrojeni peroksaidi chini ya mwanga, na inafanya kazi, lakini manjano yanaweza kurudi baadae na kemikali yenyewe inataka glavu na uangalifu, kwahiyo mimi naichukulia kama dawa ya mwisho. Pazia ni rahisi zaidi.

Rangi ya kahawia na nyekundu iliyokolea kwenye seti za miaka ya nyuma zina tatizo lingine, zinakuwa kavu na kukatika ukizichomoa. Ukikutana nazo kwenye meli ya zamani usizifungue bila sababu, na ukilazimika, agiza za akiba kabla.

Kama unataka taa ndani, zile seti za taa ndogo za LED, nyaya zake nyembamba zipitishe katikati ya vinundu, kamwe usizipitishe juu ya kinundu, la sivyo tofali linaukata waya na paneli haikai.

HATUA YA NANE: MABOKSI NA KUHAMA

Boksi ukiwa na nafasi litunze, ukikosa, fungua gundi zake lilaze bapa sehemu kavu. Kitabu kiweke kimesimama ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na unyevu.

Siku ya kuhama usijaribu kusafirisha meli nzima. Piga picha pande zote, toa paneli, toa injini, toa stendi, kila sehemu izungushie plastiki ya kufungia chakula ili kipande kikichomoka kibaki pale pale, alafu ziweke kwenye maboksi madogo yaliyojazwa nguo laini, andika juu namba ya ukurasa ambapo sehemu hiyo inaanzia kwenye kitabu. Ukifika unaijenga kwa masaa mawili badala ya thelathini.

Ukiamua kuivunja kabisa, kwa kuuza au kupisha nyingine, anza ukurasa wa mwisho wa kitabu urudi nyuma, na kila ukifika mwanzo wa mfuko mpya wa namba, vipande vyote ulivyotoa viweke kwenye mfuko wa zipu na uandike namba hiyo kwa maka pen. Ukianzia na mfuko wa kwanza siku ya kuijenga tena, pini zote zitakuwa humo.